Jemadari wa Kichina Katika Nyumba Yetu ya Matrah

Baba alikuwa mwalimu wa skuli Unguja, na rafiki yake mkubwa alikuwa Mchina mmoja aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani. Aliyanunua kwa wavuvi, akayachemsha na kuyaanika uani kwake, kisha akayapeleka kwao, ambako alituapia kuwa watu hula kitu kile harusini. Sisi tulikuwa tukikiruka tu tukienda kuoga. Shangazi, dada yake baba, hakuweza kuvumilia harufu ya nguo zake. Kwa hiyo Mchina hakuvuka mlango wetu hata siku moja. Alikaa barazani, baba akamtolea kahawa huko huko, na mimi nikisikiliza dirishani.

Walizungumza habari za mtu mmoja tu. Alikuwa mwandishi katika ofisi ya mfalme wa China, zamani sana, mtu wa wino na mashairi ambaye hajapata kushika upanga. Majemadari wa mfalme walipokufa mpakani mmoja baada ya mmoja, akatumwa yeye, kwa sababu hakubaki mwengine aliyejua kusoma ramani. Alijifunza vita kwa kukaa na wapishi na wachunga farasi na kuwauliza maswali. Jioni alikuwa akiwasomea askari wake yale aliyoyaandika mchana. Mengi alikuwa akimwandikia binti yake: namna ya kushika kalamu, namna ya kupika mtama usiungue, namna ya kumzika mtu katika theluji.

Kilichompa jina si ushindi. Mwaka mmoja maadui walimzunguka, na mfalme akampelekea amri abaki pale pale mpaka afe. Hakubaki. Aliwapitisha askari wake milimani pamoja na wanavijiji wa mpakani, akawarudisha makwao. Mfalme akamvua cheo, akampeleka mbali kusini na kuamuru maandishi yake yote yachomwe. Yalichomwa. Lakini wale askari walikuwa wameyasikia kila jioni, na walipokuwa wazee, mfalme yule keshakufa, waliwasomea waandishi kwa kichwa mpaka yakapatikana tena.

"Ndiyo maana yanasomeka kama mtu anazungumza nawe," baba alikuwa akisema. Mchina alimpa kitabu cha jemadari huyo, kilichofasiriwa kwa Kiingereza, na baba akawa anakigeuza Kiswahili taratibu, ukurasa kwa wiki, pengine kwa mwezi. Alipoipenda sentensi aliniita niisikie. Alipokuwa haipendi aliniita vile vile. Nimekua na yule jemadari kama wenzangu walivyokua na ami zao.

Mwaka wa sitini na nne tukaondoka Unguja. Sitaki kueleza hapa yaliyotutoa, kwani waliokuwapo wanajua na wasiokuwapo wamehadithiwa sana. Mama alikuwa keshafariki siku nyingi. Tulikuwa watatu, baba, shangazi na mimi, nikiwa na miaka kumi na minane. Tulitoka na nguo na mashuka. Kitabu cha Mchina na karatasi zote za baba vilibaki juu ya meza, na nyumba ikabaki na watu wengine. Mchina mwenyewe hatukumuaga.

Jamaa wa baba aliyekuwa akikaa Sib, huko Oman, alitudhamini, tukaruhusiwa kuingia. Tukapata vyumba viwili juu ya dari huko Matrah, bandari iliyo karibu na Maskati, nyuma ya soko. Maji tulinunua kwa mchukuzi aliyeyaleta kwa punda. Wakati wa joto tulilala nje, juu ya mashuka yaliyolowanishwa. Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafu na cha skuli, na watoto wa mtaani walikuwa wakinifuata wakinicheka kila nilipofungua mdomo kununua vitunguu.

Hayo yote tuliyazoea. Tulichoshindwa kukizoea ni baba. Kazi hakupata, maana skuli zilikuwa chache na walimu hawakutakiwa. Lakini hakuumwa na hilo. Siku za mwanzo, baada ya sala, mzee mmoja alimuuliza mbele ya watu, bila ubaya wowote, "Na nyinyi mlikuwa wengi huko. Mbona mlikimbia?" Baba alirudi nyumbani akalala akielekea ukuta. Akawa anatoka kwa sala tu, anarudi, anaelekea ukuta. Shangazi alimpikia mchuzi wa nazi, nazi zenyewe za kutafuta kwa tochi, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

"Kaka, mbona unataka kutuua?" shangazi alimwambia siku moja, akilia. "Tumefika salama. Mshukuru Mungu."

"Nnamshukuru," baba akajibu kwenye ukuta.

Ikapita miezi. Nilijaribu kumuuliza habari za Unguja, hakujibu. Nilijaribu kumsomea Qur'ani, akasikiliza kwa adabu, akageukia ukuta tena. Kisha alasiri moja nilikuwa nimekaa kizingitini nikipepeta mchele, na bila kufikiri sana nikaanza kuisema kwa sauti ile sehemu ya kurudi kutoka mpakani. Niliijua vizuri kuliko sehemu yoyote. Nikaisema vibaya, kwa makusudi.

"Jemadari alipanda farasi wake akatangulia mbele," nilisema, "na jeshi zima likamfuata nyuma."

Nikapepeta. Nikarudia, "Akatangulia mbele, juu ya farasi wake mweupe..."

"Siyo," sauti ikatoka ndani.

Mikono yangu ikasimama, lakini sikugeuka. "Nini siyo, baba?"

"Hakutangulia. Nani kakwambia katangulia? Na farasi hakuwa naye, alikuwa keshampa mgonjwa."

"Basi alitangulia nani?"

Nikasikia kitanda kikilia. Akatoka na kanzu yake iliyokunjamana, akakaa mbele yangu juu ya mkeka, nywele zimemsimama upande mmoja kwa kulalia.

"Walitangulia wagonjwa," alisema. "Kisha wanawake na watoto wa vile vijiji. Kisha wazee. Kisha askari, vijana kwanza. Yeye alikuja mwisho kabisa, na mpishi wake, wakizima mioto. Huwezi kupaharibu pale, mwanangu. Ukimtanguliza mbele umemfanya mtu mwengine."

"Nimesahau," nikasema. Sikuwa nimesahau hata neno.

"Basi anza tena."

Nikaanza tena, na safari hii nikaisema sawasawa, mpaka pale ambapo jemadari anamwambia binti yake kuwa watu watamuuliza kwa nini baba yake alirudi, na yeye amjibu kila mtu kwa upole, kwa kuwa anayeuliza hakuwapo. Baba alinikatiza hapo. Aliweka kiganja usoni, na mabega yakawa yanamtikisika. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Alikwenda akarudi na sahani ya wali, akaiweka mbele yake, na baba akala yote huku machozi yakimtoka.

Mimi nilipanda ngazi mpaka juu ya paa nikakaa peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kufika Oman kuvuta pumzi mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo tukaanza kumjenga upya jemadari. Kitabu hatukuwa nacho wala njia ya kukipata. Tulikuwa na kichwa cha baba na changu. Alasiri, baada ya kazi zangu za nyumbani, yeye alisema alichokumbuka, mimi nikasema changu, tukagombana. Sehemu nyengine zilikuja nzima nzima. Nyengine tulizipata vipande, na baba hakukubali kuziunga kwa maneno yake. "Tunapaacha wazi," alikuwa akisema. "Na wale askari walipaacha wazi walipokuwa hawakumbuki. Mchina kanambia."

Wanawake wa mtaani wakaanza kuja, wengi wao watu wa Unguja na Pemba kama sisi. Walikuja na kofia zao za kushona, wakakaa ukumbini na baba akakaa chumbani, mlango wazi, akisema kwa sauti. Kila alipofika pa kurudi kutoka mpakani, sindano zilikuwa zikisimama. Mmoja, ambaye mumewe aliuawa siku zile, alikuwa akiomba kila mara aelezwe tena kuhusu kule kuzimwa mioto. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukumuuliza. Shangazi pekee alijitia kuchoka. "Mchina gani huyu," alikuwa akinong'ona, "halipi kodi na kila siku yumo nyumbani mwetu." Lakini nikikosea jina la mto katika hadithi alikuwa wa kwanza kunisahihisha.

Miaka ikaenda hivyo. Macho ya baba yakaanza kuingia ukungu, nikawa namshika mkono barabarani. Halafu vita vya kusini mwa Oman vikapamba moto. Kila aliyekuwa na redio alisikia kuwa waasi wa Dhufar wanapata bunduki na vitabu kutoka China. Sisi tulisikia kama wengine. Haikutupitikia akilini kuwa jambo hilo linatuhusu.

Asubuhi moja akaja askari mlangoni, kijana mpole, amevua viatu hata hajakaribishwa. "Mzee," alimwambia baba, "unatakiwa ofisi ya serikali Maskati kesho asubuhi. Wamesema uje na kile kitabu cha Kichina."

Shangazi alikaa chini hapo hapo. Habari zilifika mtaani kabla ya adhuhuri, na alasiri ile hakuja mtu na kofia yake. Sikuwalaumu. Usiku shangazi alifunga nguo za baba katika kifurushi, na dawa yake ya kifua, kama anayemtayarisha mtu kwa safari ndefu. Wala baba hakumuuliza kifurushi cha nini.

Asubuhi tukapanda gari la jirani mpaka Maskati. Nilikwenda naye kwa sababu ya macho. Tukaingizwa katika chumba kirefu, dirisha limefunguliwa upande wa bandarini, na mbele yetu alikuwa amekaa bwana wa makamo, kilemba kimefungwa vizuri, ndevu zimeanza mvi. Alimkaribisha baba kwa heshima, akaletewa kahawa. Mimi nikakaa chini karibu na mlango. Nilikuwa nimekishika kile kifurushi.

"Ya ustadh," bwana yule alianza kwa Kiarabu, "nimesikia nyumbani kwako kinasomwa kitabu cha jemadari wa Kichina. Kweli?"

"Kweli, bwana, ila kitabu hakuna."

"Vipi hakuna? Watu wamekaa kwako miaka wakisikiliza."

"Kitabu nimekiacha Unguja. Kilichobaki kimo humu." Baba aligusa kichwa chake. Kisha akanyoosha mkono kunitafuta nilipo. "Na kichwani mwa binti yangu."

Bwana yule aliniangalia, kisha akamwangalia baba. Nafikiri alikuwa amejitayarisha kuchukua kitu mkononi.

"Basi kisome," alisema mwisho.

Baba akakisoma. Alikuwa akisema kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndivyo kilivyokaa kichwani, kisha akageuza Kiarabu sentensi kwa sentensi. Alisoma kuhusu kalamu, akasoma kuhusu mtama. Kwenye mtama bwana yule alitabasamu. Karani aliyekuwa pembeni aliacha kuandika. Kisha baba akafika mpakani, na nikatamani ningeweza kumvuta kanzu.

"Ngoja," bwana akamkatiza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mfalme wake alimwamuru nini?"

"Alimwamuru abaki."

"Na yeye alitii?"

Nilijua kuna jibu ambalo lingetutoa pale salama. Baba naye alilijua. Angeweza kusema kuwa amri ilichelewa njiani, au kuwa sehemu hiyo haikumbuki, na nani angemsuta? Macho yake yenye ukungu yalikuwa yakitazama pahala ambapo hapana kitu.

"Hakutii, bwana," alisema. "Aliandika kuwa mfalme atamuuliza kuhusu amri, lakini kuhusu roho za watu ataulizwa na asiyekuwa mfalme. Akawatoa."

Karani aliinamisha kichwa.

Bwana yule hakukasirika. Alikaa akizungusha kikombe kitupu cha kahawa, akakizungusha tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini mno hata nikalazimika kusogea.

"Walirudi wote?"

"Si wote. Wengi."

"Ameandika walivyofika?"

"Ameandika. Amesema mama zao walikuja njiani kuwapokea, na kwa kuwa vijana walikuwa wamekonda na kuungua kwa baridi, mama hawakuwajua kwa sura. Wakawa wanawaita majina, na kila anayeitika anashikwa mkono."

"Soma tena hapo," akasema bwana. "Pa mama."

Baba akasoma tena, pole pole. Bwana akageuka akatazama bandari. Alipotugeukia, aliniuliza mimi, si baba: "Ya binti, jemadari huyu amekufa lini?"

"Zamani sana, bwana," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto. "Hata mfalme wake hakuna anayemjua tena."

"Basi si shughuli yangu," alisema. "Waasi ninaowatafuta mimi wako hai." Akasimama, akamsaidia baba kusimama kwa mkono wake mwenyewe. Mlangoni akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Mwanangu wa kwanza yuko kusini, na jeshi. Mama yake halali." Kisha: "Nendeni zenu. Someni. Na ukipata nafasi, ustadh, niandikie kile kipande cha mama kwa Kiarabu, nimpelekee nyumbani asomewe."

Tulitoka juani. Baba alitembea hatua chache, akanishika bega. "Mwanangu, nnataka kukaa."

Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Kwanza alianza yeye kucheka, kicheko cha puani, kisha mimi nikafuata, na tukacheka mpaka watu waliokuwa wakipita wakatugeukia, mzee nusu kipofu na msichana mwenye kifurushi. Baba aliuliza kifurushi kina nini. Nilipomwambia kina suruali zake mbili na dawa ya kifua alishindwa kabisa kujizuia.

Nyumbani shangazi alitusikia kwenye ngazi akapiga kigelegele, mtaa mzima ukajua. Alasiri ile ukumbi haukutosha. Na baba, ambaye kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijamwona amekaa sawasawa mbele ya wageni, alikwenda mwenyewe, akipapasa ukuta, kumtembelea yule mzee aliyemuuliza kwa nini mlikimbia. Walikunywa kahawa. Sijui alimwambia nini. Alirudi akiwa mwepesi.

Cha mama alikigeuza Kiarabu, mimi nikaandika, nikakipeleka kwa jirani mwenye gari. Kikapendwa, kikaombwa chengine. Ndivyo jemadari alivyoingia katika Kiarabu cha Maskati, kipande kimoja kimoja, kwa nyumba ambazo sisi hatukupata kuziingia. Mtoto wa bwana yule alirudi kutoka kusini mwaka wa sabini, goti halikunjiki lakini yu hai, na baba yake alitutumia kapu la tende na salamu.

Mwaka huo Oman ikapata mtawala mpya, na mambo yakafunguka. Watu walikuja kutoka kila pahala, skuli zikaanza kutafuta walimu hata mlango kwa mlango, na baba, macho yale yale, akapewa darasa la watoto wadogo, ambao aliwafundisha kwa sauti. Mimi nikaambiwa nijitayarishe kufundisha wasichana. Na kwa mara ya kwanza tukanunua karatasi za kutosha na kukaa kuandika Kiswahili chote tulichokuwa tumekikusanya, na pale palipokuwa pametutoka tukapaacha peupe.

Mwisho wa mwaka jamaa yetu wa Sib alimuoza binti yake, tukaenda sote. Wanawake walikuwa uani, kuna masufuria makubwa ya wali na nyama, na nikiwa namenya vitunguu nikamsikia mwanamke wa pale pale Sib, nisiyemjua na asiyenijua, akiwasimulia watoto waliokuwa wakimsumbua. Alikuwa akisimulia kwa Kiarabu, juu ya jemadari mmoja wa Bahla, mji wa kule ndani Oman, mtu wa vitabu, aliyewatoa watu wake kwenye mlima wakati wa njaa. Wagonjwa walitangulia juu ya punda. Yeye alikuja mwisho, na mpishi wake.

"Na binti yake?" mtoto mmoja akauliza.

"Binti yake alikuwa akimngoja, ameshapika harisa ya ngano na nyama," akasema yule mwanamke, "haikuungua hata kidogo."

Niliacha kisu nikazunguka mpaka upande wa wanaume, nikamwita baba pembeni, nikamweleza. Nilidhani atasema siyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Bahla?" akauliza.

"Bahla, baba. Na harisa."

Akatabasamu. "Mwache," alisema. "Usimsahihishe. Keshapata kwao." Akanipa mkono nimrudishe kwa wenzake, maana chakula kilikuwa kinaandaliwa na alikuwa na njaa.